Watu wakihama, timu nazo zinahama: stori ya mikoa mipya UMISSETA

Hapa kwetu Vudee, UMISSETA ikikaribia lawama ni ile ile: mtoto wa milimani hana chake, nafasi zote za wa mjini. Mimi nasema tupige hesabu kwanza.

Haya mashindano ya sekondari yanachezwa kimkoa. Unaanzia shuleni, unapanda mpaka wilaya, kisha mkoa, halafu taifa. Mkoa ni timu moja tu, uwe na watu wengi au wachache. Kwa hiyo ukitaka kujua timu mpya zilitoka wapi, fuata watu.

Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mwaka 2012 zikaja Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. 2016 Songwe ikatoka Mbeya, Bara ikawa na mikoa 26. Serikali haikugawa kwa ajili ya mpira jamani, watu waliongezeka na makao makuu yalikuwa mbali. Lakini mwanafunzi wa Bariadi aliyekuwa anagombea jezi ya Shinyanga akajikuta ana jezi ya Simiyu.

Hata Marekani ni hivyo hivyo, ila kule wanafuata watazamaji wa televisheni. Ligi ya vyuo ya Big Ten, iliyoanza 1896 majimbo ya kati, mwaka 2024 iliongeza vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki, ikafika 18.

Turudi kwetu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Geita ilitoka watu milioni 1.7 hadi karibu milioni 3. Kilimanjaro? Milioni 1.6 hadi 1.9 basi. Vijana wanashuka Same, wanapanda basi la Dar, wengine tunawaona Krismasi tu. Kwa mwendo huo nani atatugawa tupate timu ya pili?

Ila sasa sikia. Kwa sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu milioni 5.4 na timu yake ni moja vilevile. Binamu yako aliyehamia Mbagala anagombea jezi na umati karibu mara tatu ya wetu! Kihesabu, aliyebaki Vudee ndiye mwenye foleni fupi. Kinachomkwamisha ni tambarare ya kufanyia mazoezi, maana huku mpira ukitoka nje unaufuata bondeni, na nauli ya kushuka Same siku ya mchujo wa wilaya. Hivyo viwili hata tukipewa mkoa wetu kesho vitakuwa palepale.