Ngazi za Uluguru, Ngazi za Wodi

Julai 1955, huko Matombo katika milima ya Uluguru, wakulima walikusanyika kuyakataa matuta ya ngazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha kuyachimba ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na katika udongo mwembamba wa milimani matuta yale yalifukia udongo wenye rutuba na kuibua ule wa chini usiozaa. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao, lakini waliotoa amri hawakuwauliza. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Ninasomea shahada ya uzamili ya historia, na tukio hilo hunijia kila ninapozungumza na wanafunzi wa uuguzi wanaofanya mafunzo kwa vitendo mjini Morogoro, chini ya milima hiyohiyo. Wodi nayo ina ngazi zake. Tulizirithi kutoka London, ambako mwaka 1860 shule ya Florence Nightingale ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas': metroni juu, sista wa wodi chini yake, mwanafunzi mwisho. Mpangilio ule uliwapa wanawake wa Uingereza mamlaka hospitalini. Ulipofika Tanganyika, ngazi za juu zikawa za Wazungu. Lucy Lameck wa Moshi alisomea uuguzi, akakataa kuitumikia idara iliyomdharau kwa rangi yake. Uongozi alijifunzia kwingine, katika TANU, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika unaibu waziri. Wodi ilimpoteza.

Ndiyo maana nadhani uongozi hauwezi kungoja cheo. Muuguzi mmoja msimamizi aliniambia kwamba wakati wa kukabidhiana zamu huwaacha wanafunzi waseme kwanza. "Wao ndio wanaokaa na mgonjwa," alisema. "Mimi nikianza, watakubali tu kila ninachosema." Mwanafunzi hujifunza kueleza alichokiona, kupendekeza la kufanya, na kuuliza tena asipojibiwa. Mkubwa naye hujifunza kunyamaza kidogo.

Somo hilo halihitaji jengo wala bajeti. Linahitaji dakika chache kila zamu, na mtu wa ngazi ya juu anayekubali kwamba aliye chini huenda ameona mapema. Matombo waliona mapema. Kwa mtoto anayepumua kwa shida usiku wa manane, hakuna muda wa kulijua hilo baadaye.