Mwisho wa Mbano: Utata wa Hatima na Dhamira katika Hadithi za Ukambani

Kikamba hutumia neno wano, na katika wingi mbano, kwa hadithi za kubuni zilizozoeleka kusimuliwa usiku baada ya kazi. Hadithi hizo zilianza kuandikwa wakati utawala wa kikoloni ulipokuwa ukikita mizizi Ukambani, yaani katika nchi ya Kitui na katika ile ya vilima vya Mbooni, Kilungu na Nzaui, iliyohesabiwa kuwa sehemu ya Machakos hadi Makueni ilipofanywa wilaya mwaka 1992. Wasomaji wa mikusanyo hiyo wamezoea kuzitafutia mafunzo. Hata hivyo mbano nyingi hazikubali kufungwa kwa funzo moja: hatima yake huacha jambo wazi, na dhamira yake hugeuka kulingana na upande anaosimama msikilizaji. Utata huo si kasoro ya usimulizi wala si uzembe wa wakusanyaji. Ni sehemu ya fani yenyewe, na historia ya mbano tangu zilipotiwa kalamuni ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya jinsi utata huo ulivyozibwa.

Mfano ulio bora ni kisa cha asili ya kifo. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikichapisha mwaka 1910 katika kitabu chake juu ya Wakamba. Kwa mujibu wa simulizi hilo, Mungu, aitwaye Engai, aliwatuma kinyonga, chura na ndege mmoja aitwaye itoroko wawaendee watu waliokufa. Kinyonga ndiye aliyeongoza msafara, kwani zamani hizo alikuwa mwenye cheo. Walipofika penye wafu, kinyonga aliwasogelea na kuwaita kwa sauti ya chini. Itoroko akachukizwa, akamdhihaki. Kinyonga hakuacha, wafu wakafumbua macho, wakaanza kusikiliza. Hapo ndipo ndege alipowakatiza, akawaambia kwamba wao wamekwisha kufa na hawana budi kubaki walivyo. Wakabaki.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha kawaida cha ujumbe uliopotoshwa, chenye jamaa zake wengi miongoni mwa Wabantu hata kusini mwa Afrika. Lakini kinaendelea. Wajumbe wanarudi na kuhojiwa. Itoroko anajitetea kwamba kinyonga alikuwa akiivuruga kazi, ndiyo maana akaingilia kati. Engai anaukubali utetezi huo. Kinyonga anavuliwa cheo, anahukumiwa kutembea polepole na kukosa meno. Ndege anapandishwa hadhi na kupewa kazi ya kuuamsha ulimwengu, na kwa hiyo huimba mnamo saa nane za usiku, kabla ya ndege wengine wote.

Yafaa kulitazama umbo la hatima hii kwa makini. Kwa nje ni hadithi ya usuli, ile ijibuyo kwa nini: kwa nini kinyonga huenda polepole, kwa nini ndege fulani hutangulia kuimba. Maswali hayo mawili yanajibiwa barabara. Lakini swali kubwa, yaani kwa nini binadamu hufa na harudi, halikujibiwa hata kidogo, na kando yake limezuka jingine zito zaidi: mbona mtii ameadhibiwa na mkatizaji ametuzwa? Jibu la maswali madogo limekaa juu ya swali kubwa kama kifuniko kidogo juu ya chungu kipana. Msikilizaji aweza kusema kwamba Engai alidanganywa. Aweza kusema kwamba Engai mwenyewe aliona afadhali wafu wasirudi. Aweza pia kumlaumu kinyonga, kwani aliyepewa neno la uhai hakupaswa kulisema kwa kusitasita. Matini yenyewe haichagui.

Wala haipasi kusahau hali ya wakati ule. Miaka kama kumi tu kabla ya kitabu cha Hobley, Ukambani ilikuwa imepitiwa na ile njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899, iitwayo Ngomanisye, iliyofuatana na ndui na kuangamiza watu wengi mno. Watu wazima waliokuwako kisa hiki kilipoandikwa walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao. Si lazima kudai kwamba njaa ndiyo iliyokizaa kisa; umbo lake la msingi ni la kale. Lakini hadithi ambamo uhai ulikaribia kurudi, ukazuiwa kwa neno moja la haraka, kisha mzuiaji akapata cheo, haikuwa mchezo wa watoto kwa hadhira kama hiyo.

Katika maandishi ya John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, ndege wa kisa hiki ni mnana, na kinyonga anashindwa kwa kigugumizi. Toleo hili ni fupi na limeenea zaidi katika vitabu. Wepesi na ulegevu vinatosha kueleza kila kitu, na kesi mbele ya Mungu haimo. Pengine ndiyo sababu limependwa: ni rahisi kufundishwa.

Gerhard Lindblom, msomi Mswidi aliyefanya utafiti wake Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuichapisha mikusanyo yake ya hadithi kati ya miaka ya 1928 na 1935, aliandika jambo lisilo la kupuuzwa juu ya namna ya kumalizia. Msimulizi hufunga wano kwa fomula ya mzaha: huwatakia wasikilizaji utajiri wa wadudu waharibifu katika ghala zao, naye hujitakia utajiri wa ng'ombe zizini mwake. Fomula hiyo haifungi maana. Hufunga kikao tu. Kicheko kinaingia mahali ambapo funzo lingetarajiwa, na kila mtu huondoka na tafsiri yake.

Utata wa dhamira hujidhihirisha hata katika msamiati. Kiumbe mla watu wa mbano huitwa eimu, ilhali mizimu ya wazee waliokufa huitwa aimu. Shina ni moja, nalo ndilo lililoko katika Kiswahili mzimu, zimwi, kuzimu na wazimu. Kiswahili kimewatenga viumbe hawa kwa ngeli na kwa umbo la neno, hata msemaji wa kawaida hahisi tena udugu wa zimwi na mzimu. Katika Kikamba udugu huo uko karibu zaidi na sikio. Mfasiri aandikaye «zimwi» hana kosa, lakini amekwisha kumwamulia msomaji kwamba mla watu hana uhusiano na babu.

Mbiti alilikabili suala la mwisho kwa njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na tena katika kile cha mwaka 1971 juu ya mafundisho ya Agano Jipya kuhusu siku za mwisho, alichambua nyakati za vitenzi vya Kikamba na kudai kwamba fikra ya jadi ilikuwa na wakati ujao mfupi sana, na kwamba haikuwa na hekaya ya mwisho wa ulimwengu. Hoja hiyo ilipingwa na wengi. Wapo wanaoweza kuitumia kueleza kwa nini mbano hazina hatima kamili, lakini matumizi hayo hayafai. Fomula ya Lindblom imo katika kauli ya matakwa: ni maombi juu ya ng'ombe ambao bado hawajazaliwa. Mtambaji anaujua wakati ujao vizuri. Anachokataa ni kuuamua.

Kuzibwa kwa utata kuliendelea shuleni. Baada ya mjadala ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, fasihi simulizi ilipata heshima iliyostahili katika masomo ya Kenya. Heshima hiyo ilikuja pamoja na mtihani, na mtihani hupenda swali lenye jibu: hadithi hii yatufunza nini? Kisha ikaja filamu ya katuni. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, huanza kila kisa kwa swali la kwa nini na kukiishia kwa jibu, na sura yake imefuata michoro ya Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Kwa mtoto mdogo kazi hiyo inafaa, na rangi zake ni za kupendeza. Ila kisa cha Hobley kingeingizwa humo, kingebaki na mwendo wa kinyonga na wimbo wa ndege. Kesi mbele ya Engai ingekatwa, kwani hakuna mchoraji wa watoto ambaye angekubali mkatizaji aondoke na zawadi.

Itoroko, kwa mujibu wa kisa, bado huimba saa nane za usiku.