Ajali yenye mabishano: bonusi ya asiransi inakuwa namna gani?

Kwenye RN1, kati ya Lubumbashi na Likasi, makamiyo ya migodi, teksi, pikipiki na motoka za watu binafsi zinagawana barabara moja. Wakaaji wa Kapolowe wanalijua jambo hilo vizuri. Ajali ikitokea na kila shofere anasema mwenye kosa ni mwenzake, maswali mawili yanakuja: nani atalipa matengenezo, na bonusi ya asiransi itabaki ao itapotea? Swali la pili, wengi wanakutana nalo siku ya kufanya upya mkataba, wakati bei imekwisha kupanda.

Bonusi na malusi

Bonusi ni punguzo la bei kwa mteja aliyemaliza mwaka bila ajali ya kosa lake. Malusi ni kinyume: bei inapanda juu ya kosa. Kila mkataba unaandika kiasi chake. Tuchukue mfano: asiransi ya dola 200 kwa mwaka, yenye bonusi ya 20%, inalipwa dola 160. Bonusi ikiondoka, mwenye motoka anaongeza dola 40, na mara nyingi itamuomba miaka kadhaa kuifikia tena.

Ufaransa, bei inashuka 5% kila mwaka bila kosa, mpaka kufika nusu nyuma ya miaka 13. Ajali moja yenye kosa lote inaipandisha 25%. Kosa la kugawana, 12,5%. Hesabu hiyo si ya Kongo, lakini inaonyesha wazo lenyewe: kinachohesabiwa ni sehemu ya kosa, si kugongwa tu.

Kesi ikiwa haijakwisha

Hapa ndipo shida inaanzia. Kampuni inapopokea habari ya ajali, inafungua dosye na kuweka makuta pembeni, juu inaweza kuombwa kulipa. Dosye ikibaki wazi mpaka mwisho wa mkataba, makampuni mengi yanasimamisha bonusi, hata kama mteja anasema hana kosa. Hiyo si hukumu. Ni kungojea.

Kisha dosye inafungwa kwa njia tatu:

- Kosa lote ni la mwingine. Asiransi yake inalipa, na bonusi ya asiyekuwa na kosa inapaswa kurudi. Aliyelipa bei kubwa wakati wa kungojea aombe kwa barua tofauti irudishwe ao ikatwe kwenye bei ya mwaka unaofuata.
- Kosa linagawanywa. Sehemu ya bonusi inaweza kupotea, kufuatana na mkataba.
- Kosa lote ni la mteja, ao mwingine amekimbia bila kujulikana. Kampuni ikilipa bila kuwa na mtu wa kumudai, bonusi iko katika hatari.

Ushuda ndio unaamua

Kifungu 258 cha sheria ya kiraia ya Kongo, kitabu cha tatu, kinasema anayesababisha hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Basi lazima kosa lionyeshwe. Motoka zisiondolewe mbele ya kupiga picha, isipokuwa zinahatarisha watu wengine. Polisi wa roulage waandike P.V. na kuchora namna motoka zilivyosimama. Namba za plake, jina la asiransi ya mwingine na simu za washuda ziandikwe palepale. Mushuda akikwisha kupanda basi ya kwenda Kolwezi, kumupata tena ni kazi.

Mapatano ya barabarani yanaonekana rahisi, lakini kutia sahihi karatasi ya "nimekubali kosa" kunaweza kuharibu dosye yote. Kwa kawaida kampuni haifungwi na ahadi ambayo mteja ametoa bila kuiuliza. Hata mwenye kutaka kulipa mwenyewe mkwaruzo mdogo, ili alinde bonusi yake, ajulishe kampuni katika siku zilizoandikwa kwenye mkataba.

Kama kuna majeruhi ao kifo, P.V. inapelekwa kwa parquet. Hapo uamuzi wa tribinali kuhusu kosa ndio utaongoza asiransi, na kungojea kunaweza kuwa kurefu.

Kubadilisha kampuni, kulalamika

Asiransi ya kulipa hasara za wengine ni lazima kwa motoka tangu sheria ya mwaka 1973. Kwa muda mrefu SONAS peke yake ndiyo iliuza asiransi nchini. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko, na mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya binafsi yalipata ruhusa. Leo mteja anaweza kuhama. Lakini mbele ya kuhama, aombe karatasi ya historia yake ya ajali, na kama kuna mabishano, iandikwe wazi kwamba dosye haijafungwa na kosa halijaamuliwa. Bila maneno hayo, kampuni mpya inaweza kuihesabu kama kosa lake.

Kampuni ikikataa kurudisha bonusi baada ya kosa kuonekana kwa mwingine, hatua ya kwanza ni barua kwa kampuni yenyewe, pamoja na nakala ya P.V. ao ya hukumu. Mteja abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pasipo jibu, kuna ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia makampuni ya asiransi.