Historia Iliyo Chini ya Rangi: Kuandaa Jaguar E-Type kwa Kupakwa Upya Nyumbani

Wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika nyaraka, magofu na masimulizi ya wazee. Insha hii inachunguza ushahidi wa aina nyingine: tabaka za rangi katika gari la zamani la michezo. Mfano wetu ni Jaguar E-Type, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwezi Machi 1961 na kuundwa Coventry, Uingereza, hadi 1974. Hoja kuu ni kwamba anayetaka kulipaka upya gari hilo nyumbani hana budi kujua kwanza historia ya viwanda vya magari, kwani ndiyo inayoamua aondoe nini, atumie nini na ajikinge na nini.

Mwanzoni mwa karne ya 20, magari yalipakwa rangi na vanishi kwa brashi, kama ilivyokuwa kwa magari ya farasi, na kazi hiyo iliweza kuchukua wiki kadhaa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1923, kampuni ya General Motors ilipoanza kutumia Duco, rangi ya selulosi ya DuPont, katika magari ya Oakland. Rangi hiyo ilinyunyizwa kwa bomba na kukauka upesi. Baadaye viwanda vilitumia pia enameli zilizookwa kwa joto, kisha zikaja rangi za kuchanganywa na kigumishi. Rangi ya selulosi ina tabia moja ya kukumbukwa: hata baada ya miaka mingi huyeyuka tena ikiguswa na thina.

Tabia hiyo ndiyo sababu ya hatua ya kwanza. Kabla ya kushika msasa, fundi husugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, huenda ni selulosi, na thina kali ya rangi mpya inaweza kuivamia na kuikunja. Hapo huiondoa yote au huifunika kwanza kwa praima inayofaa.

Hatua ya pili ni kusoma tabaka. Msasa ukipitishwa taratibu mahali padogo, hutokea miduara, kila mmoja na rangi yake. Jaguar hutoa cheti cha kumbukumbu za kiwanda kinachotaja rangi ya awali ya gari. Cheti kikisema buluu, na mlango mmoja hauna buluu hata chini kabisa, mtafiti ana swali la haki: je, mlango huo ulibadilishwa baada ya ajali? Kwa hiyo kila mduara upigwe picha kabla ya kufutwa.

Hatua ya tatu inahusu afya. Katika enzi hiyo maungio ya bodi yalijazwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni madini ya risasi. Uliyeyushwa, kisha ukalainishwa kwa tupa. Puti ya poliesta ilikuja kuchukua nafasi yake katika matengenezo mengi. Anayepiga msasa mkavu kwa mashine juu ya maungio hayo hutawanya vumbi la sumu, ambalo huingia ndani ya nyumba kupitia nguo na viatu, na watoto ndio huathirika zaidi. Ni salama zaidi kutumia tupa ya mkono au msasa wa maji, kuvaa barakoa maalumu ya vumbi la risasi, kukusanya taka zote na kufua nguo za kazi peke yake. Vivyo hivyo, kigumishi cha rangi nyingi za kisasa kina isosianati, inayoweza kusababisha pumu. Asiye na kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi afanye maandalizi nyumbani, na kunyunyiza awaachie mafundi wenye chumba cha rangi.

Baada ya hapo kazi hufuata mpangilio unaojulikana. Grisi na nta husafishwa kabla ya msasa, zisije zikasukumwa ndani ya mikwaruzo. Kutu hukatwa na bamba jipya kuchomelewa; usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuma kilicho wazi hupakwa praima ya epoksi mapema, kabla unyevu haujaanza kukila. Mwisho, praima hupigwa msasa wa maji hadi mkono usihisi bonde wala kilima.

Kwa kuhitimisha, kukwangua gari zima huleta mng'aro, lakini hufuta ushahidi usioweza kurudishwa. Maoni yangu ni kwamba gari lililobaki na rangi nyingi ya kiwandani litunzwe lilivyo. Lililokwisha kupakwa mara kadhaa lipakwe tena, ila sehemu ndogo iliyofichika, kama vile nyuma ya dashibodi, iachwe bila kuguswa, ili atakayelifungua baadaye naye apate cha kusoma.