Kipimo cha vinasaba: njia ya haraka ya kutambua nimonia na usugu wa dawa

Mtoto anakohoa siku ya tatu, mwili unachemka, na usiku anahema kwa shida. Kwa wengi wetu hapa Kipalapala na vijiji vya jirani, mbio za kwanza ni duka la dawa: vidonge vya rangi mbili, vichache kulingana na hela iliyopo. Homa ikishuka, vinavyobaki vinatunzwa kwa mgonjwa mwingine. Katika makala hii tunaeleza kwa nini mazoea hayo ni hatari, na jinsi kipimo cha vinasaba kinavyosaidia kupata dawa sahihi.

Nimonia ni nini?

Nimonia, au homa ya mapafu, ni maambukizi yanayojaza maji au usaha kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Huletwa na bakteria, virusi au fangasi. Antibayotiki hupambana na bakteria. Mbele ya virusi hazifui dafu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri chini ya miaka 5.

Usugu unatoka wapi?

Dawa ikitumiwa ovyo au dozi ikikatwa, bakteria dhaifu hufa, wale wanaoweza kuihimili hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani. Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Leo watu husafiri kwa treni na basi, na bakteria sugu husafiri nao.

Kipimo kinafanyaje kazi?

Njia ya kawaida ni kuotesha bakteria maabara, kisha kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Huchukua siku 2 au 3, na kwa kifua kikuu wiki kadhaa. Kipimo cha vinasaba hakisubiri bakteria waote. Mashine hutoa vinasaba vyao kwenye makohozi, huvinakili mara nyingi sana, kisha huangalia kama vina alama za bakteria fulani. Huweza pia kutafuta alama za usugu.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Kwa takriban saa 2 inaonyesha kama kuna bakteria wa kifua kikuu, na kama wana usugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huo.

Kwa nimonia ya kawaida, zipo mashine zinazotafuta bakteria na virusi wengi kwa mkupuo mmoja kwa muda wa saa moja hivi. Lakini ni ghali, na hutumika zaidi katika hospitali kubwa za nchi tajiri.

Mipaka yake

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mganga. Bakteria wa nimonia huweza kukaa puani mwa mtoto mzima wa afya, na mashine huona hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa. Usugu ambao alama yake haimo kwenye kipimo hautaonekana. Tena, mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi kwa urahisi.

Tufanye nini?

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka kupita kawaida akifikisha:

- pumzi 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au kulegea, ni dharura, usisubiri kuche.

Dawa uliyoandikiwa imalize, hata kama nafuu imeshapatikana. Usigawane na jirani. Mkamilishie mtoto chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14.

Mtu mzima akikohoa wiki 2 au zaidi, aombe kupimwa makohozi. Aulize kama yanapimwa hapo hapo au yanapelekwa mjini, na majibu yatarudi lini. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na kadiri anavyojua mapema ndivyo anavyowakinga wale anaolala nao nyumba moja.