Watatu wa Benchi la Cape Town

Kwa mbali ni wanaume watatu tu, wakubwa kama watu halisi, wamekaa uchi kwenye benchi la mbao, wametulia kama abiria wanaosubiri gari. Wasogelee, mwili utakusisimka. Ngozi imepauka. Vichwani wana pembe, nyingine zimevunjika. Macho ni meusi tititi. Masikio hayapo, yamebaki mashimo, na penye kinywa pamezibwa na ngozi nene yenye mikwaruzo.

Hao ndio Butcher Boys, vijana wa buchani, sanamu za mchongaji Jane Alexander, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1959. Aliwaunda kati ya 1985 na 1986 akisomea shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa plasta, mifupa na pembe za wanyama, na rangi ya mafuta. Afrika Kusini, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa inawaka. Julai 1985 Rais P. W. Botha alitangaza hali ya hatari katika baadhi ya maeneo. Juni 1986 akaieneza nchi nzima. Maelfu waliwekwa ndani bila kufikishwa mahakamani, watoto wakiwamo.

Alexander hakuwapa rungu, bunduki wala sare, na nguvu ya kazi hii iko hapo hapo. Ametuonyesha mtesaji akipumzika, hasikii kilio, hana kinywa cha kujieleza. Unyama aliowatendea wenzake umemwotea mwenyewe mwilini.

Mwaka 1991 jumba la taifa la sanaa mjini Cape Town likawanunua. Katika mji huohuo, Julai 1997, mtesaji halisi alifumbua kinywa. Mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza uhalifu wa enzi za ubaguzi wa rangi, polisi Jeffrey Benzien alikiri kuwatesa watu kwa kuwavika mfuko uliolowa maji kichwani mpaka pumzi ziwaishe. Tony Yengeni, mmoja wa waliotendewa hivyo, alimtaka aonyeshe. Mtu akajitolea kulala kifudifudi sakafuni, Benzien akamkalia mgongoni, akaonyesha. Siku hiyo alikuwa bado yuko kazini polisi. Mwaka 1999 akapewa msamaha.

Mwaka 2012 kikundi cha muziki cha Die Antwoord kiliiga sanamu za Butcher Boys katika video ya kutangaza albamu. Alexander, ambaye kwa kawaida hapendi kuzieleza kazi zake, safari hii alipinga, na video ikaondolewa. Alikuwa na haki. Wale hawakuumbwa kuwa mazimwi ya kunogesha muziki. Ziko familia Afrika Kusini zinazowajua watesaji wao kwa majina.