Golikipa wa Kaloleni

Siku moja, Mlima Meru ukiwa wazi bila wingu, mimi na mshikaji wangu tulikuwa tunakatiza kwenye kipilefti cha Mnara wa Azimio, Kaloleni, tukielekea mpirani. Akaniuliza: "Hivi huyu Sheikh Amri Abeid mwenye uwanja, alichezea timu gani?" Nikajibu kwa uhakika kabisa: "Alikuwa golikipa."

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa mji huu, na nilidanganya mchana kweupe.

Nilipokuja kusoma ndipo nikaona aibu. Sheikh Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Lakini kwetu sisi tunaohangaika na kalamu, yeye ndiye aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954. Alifariki mwaka 1964. Kumbe miaka yote hiyo tunashangilia magoli nyumbani kwa mshairi!

Jirani na mnara kuna jengo jingine tunalolipita tu. Lilikuwa ukumbi wa jamii. Humo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikatoka na Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere alilitangaza tarehe 5 Februari, na kesho yake mabenki yakataifishwa. Habari za mabenki tunazijua. Tunachosahau ni kwamba Azimio liliandikwa kwa Kiswahili. Kiingereza kilifuata kama tafsiri. Yaani dunia ilisubiri kutafsiriwa lugha hii hii tunayoambiwa haina soko.

Ndani yake kulikuwa na masharti: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza. Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja, nadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sharti hilo la mwisho nililisoma mara mbili.

Ukumbi ule uligeuzwa makumbusho mwaka 1977. Mnara upo, daladala zinauzunguka tangu alfajiri, na abiria wachache sana wanainua macho.

Nilimfuata mshikaji nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza: "Sasa hicho kitabu cha golikipa wako, kinaazimwa?"